Mtoto Anayesoma Polepole: Disleksia na Mitihani, Kutoka Chuoni Tanga Hadi Doha



Mwezi Mei ukiingia hapa Doha, nyumba zetu hubadilika sauti. Televisheni huzimwa, wageni hupunguzwa, na watoto wanaokaribia mitihani ya Cambridge hujifungia vyumbani na viyoyozi vyao. Nje jua limeshafika nyuzi 40, wala hakuna wa kumwambia mwenzake akatembee apunguze mawazo. Ukigonga mlango wa Waswahili wengi wa Najma, Bin Mahmoud au Wakrah wakati huo, utasikia ukimya wa mtu anayesoma. Kwetu ungesikia kelele. Kijana wetu alikuwa akidurusu historia kwa sauti, akiizunguka meza ya chakula, mkono mmoja nyuma, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi juzuu.

Ilituchukua miaka minane kujua kwa nini anasoma hivyo. Tunayaandika haya kwa idhini yake, kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

Alipokuwa darasa la pili alikuwa akitusomea kitabu chake cha Kiingereza kila usiku bila kosa, nasi tukimshangilia. Siku moja mdogo wake akafunua kurasa mbili kwa mpigo. Kijana akaendelea kusoma ukurasa uliorukwa, neno kwa neno. Kitabuni palikuwa na picha ya mbwa, mdomoni mwake mlikuwa na habari za jogoo. Hapo ndipo tulipojua kwamba kitabu kizima amekihifadhi kwa kusomewa mara moja au mbili na mwalimu, na kwamba herufi zenyewe hazijui.

Tukaenda shuleni kwake. Mwalimu mmoja, mtu mwema na mwenye nia safi, alituambia tatizo ni wingi wa lugha: Kiswahili nyumbani, Kiingereza darasani, na Kiarabu ambacho shule zote za hapa hulazimika kukifundisha. Kichwa cha mtoto kimejaa, alisema, basi tuache Kiswahili. Tukaacha. Mwaka mzima tulizungumza na mtoto wetu Kiingereza cha kubabaisha mezani. Bibi yake alipopiga simu kutoka Tanga, kijana alijibu maneno mawili matatu ya Kiingereza kisha akaturudishia simu. Bibi hakulalamika. Aliuliza tu kama mtoto anaumwa. Na kusoma kwenyewe hakukuongezeka hata kwa herufi moja.

Wenzetu wengi ughaibuni wamepewa ushauri kama huo, kwa hiyo tuseme wazi tulichokuja kukijua baadaye. Lugha mbili au tatu hazimletei mtu disleksia. Disleksia ni ugumu wa kuzaliwa nao wa kuzitenga sauti ndogo ndogo za maneno na kuzifunga na herufi zinazoziandika. Macho ni mazima na akili ni nzima. Mtu mwenye lugha moja huwa nayo, mwenye lugha tatu huwa nayo katika zote tatu, ila sura yake hutofautiana. Tulikuwa tumemnyang'anya mtoto bibi yake bure.

Jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko tulivyodhani. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliandika juu ya watu wazima walioona na kusema vizuri, lakini baada ya kuumia ubongo hawakuweza tena kusoma. Aliiita hali hiyo upofu wa maneno. Miaka kumi baadaye, 1887, daktari wa macho wa Stuttgart, Rudolf Berlin, akaandika kitabu kizima chini ya neno disleksia. Wote wawili walizungumzia watu waliopoteza walichokuwa nacho. Mtoto ambaye hakuwahi kukipata tangu mwanzo aliandikwa na W. Pringle Morgan, daktari wa Seaford, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, katika jarida la madaktari la nchi hiyo la Novemba 1896.

Mtoto huyo aliitwa Percy, umri wake miaka 14. Alikuwa mwerevu, mwepesi wa michezo, hesabu akizipenda, na alikuwa amefundishwa kusoma tangu ana miaka saba. Alipoandika jina lake mwenyewe aliandika "Precy", na hakuliona kosa mpaka alipotakiwa atazame tena. Mwalimu wake alisema kwamba kama mafunzo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa mbele ya kila mtoto shuleni pale. Kauli hiyo ya mwalimu tuishike, tutaihitaji mbele.

Baada ya Morgan akaja James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, ambaye mwaka 1907 alieleza habari za watoto wanne wa familia moja waliokuwa na hali hiyo. Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tuliweka kitabu chini. Bibi yake Tanga, ambaye hajawahi kusikia jina la Glasgow, alikuwa ametuambia siku nyingi: "Huyo kamchukua mjomba wake."

Mjomba huyo ana zaidi ya miaka 60 sasa. Ni fundi wa mashine za boti, na ukimletea injini iliyokufa hukuambia ugonjwa wake kwa kuisikiliza. Utotoni alisoma sehemu mbili, kama watoto wote wa pwani: asubuhi shule, alasiri chuoni. Chuoni alikuwa nyota. Mwalimu alisoma, watoto wakafuatisha, na mjomba alishika kwa sikio aya ambazo wenzake walizihangaikia siku tatu. Ubao wa herufi ulipokuja mbele yake (be nukta moja chini, te mbili juu, the tatu juu) alizitaja zote kwa mpangilio. Mpangilio ukivurugwa, hakujua alifu kwa kijiti. Lakini nani alivuruga mpangilio? Mtihani wa chuoni ulikuwa kukaa mbele ya mwalimu na kusikilizwa.

Hatusemi chuoni kulikuwa peponi. Bakora zilikuwepo, na aliyekuwa mzito wa kuhifadhi alizila zaidi ya mwenzake. Tunalosema ni kwamba elimu ile ilikuwa na mlango wa sikio, na mtoto wa namna ya mjomba alipita. Hata maandishi yetu ya kale yalikuwa hivyo. Karne nyingi kabla ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930 na kutusanifishia tahajia ya Kilatini, watu wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Muswada wa Utendi wa Tambuka hutajwa kuwa wa mwaka 1728. Herufi zile katika mtindo wa zamani hazikuipambanua "p" na "b" kila mara, wala "e" na "i", wala "o" na "u", na sauti ya "m" au "n" inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Msomaji alihitaji karibu kuujua utenzi kabla hajausoma. Karatasi ilikuwa ya kumkumbusha tu. Katika jamii ya namna hiyo mtu asiyesoma upesi hakuwa na jina la ugonjwa, kwa sababu kusoma upesi peke yako, kimya, jambo usilopata kulisikia, hakukuwa kipimo cha mtu.

Kipimo hicho kilikuja kwa meli. Wajerumani walifungua shule yao ya serikali Tanga mwaka 1892, wakitafuta makarani, na karani ni mtu wa karatasi. Baadaye wakaja Waingereza na vyeti vya Cambridge, chuo kikuu kilichoanza kutahini watoto wa shule mwaka 1858. Baada ya uhuru, mwaka 1967, nchi zetu tatu zikaunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973, Kenya ikafuata mwaka 1980, Uganda mwaka 1983. Bendera zilibadilika na maswali yakabadilika, jambo jema. Umbo la mtihani lilibaki lile lile: chumba kimya, karatasi, saa ukutani.

Mjomba alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1978. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya nchi kutangaza elimu ya msingi kwa wote, wakati madarasa yalifurika na watu wazima nao wakifundishwa kusoma jioni kwa taa za chemli. Ni juhudi ambayo sisi, pamoja na malalamiko yetu yote, tunaiheshimu hadi leo. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na waliofanya mtihani walikuwa wengi. Karatasi ya maarifa iliuliza mambo ambayo mjomba aliyajua. Anakumbuka mpaka leo swali lililohusu mkonge, yeye aliyezaliwa katikati ya mkonge. Alikuwa bado analisoma swali hilo wakati msimamizi alipokusanya karatasi. Nyumbani aliitwa mvivu, mtaani aliitwa jina baya zaidi, na mwezi uliofuata alikuwa gereji.

Wakati huo huo nchi zetu hazikuwa zimewasahau watoto wenye mahitaji maalumu. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963. Asiyeona aliandikiwa mtihani kwa nukta nundu, na hakuna aliyesema anapendelewa. Tofauti ni kwamba ulemavu wa mjomba haukuonekana. Kijana mwenye macho mazima anayekikodolea kitabu na hasomi, utamwitaje ila mkaidi? Hata Uingereza yenyewe, nchi ya Percy, ilingoja mpaka sheria ya mwaka 1970 ndipo neno disleksia likaingia katika vitabu vya serikali, na lilisukumwa sana na wazazi waliochoka kuambiwa watoto wao ni wazembe. Kwetu mambo yameanza kusogea karne hii. Kitengela, nje ya Nairobi, ipo Rare Gem Talent School inayojulikana kwa kuwapokea watoto wenye disleksia, na wapo wazazi wa Kenya waliolisema jambo hili hadharani wakati mtihani wa darasa la nane, ule ulioanza 1985 na kufungwa 2023, ukiwa bado ndio unaoamua maisha ya mtoto wa miaka 14.

Turudi Doha. Mji huu nao ulitoka katika elimu ya sikio. Kabla ya mafuta kuanza kusafirishwa mwaka 1949, watoto wa wapiga mbizi wa lulu walisoma kwa mualimu wao mtaani, jinsi watoto wetu walivyosoma chuoni. Shule za serikali za mtindo wa kisasa zilienea katika miaka ya 1950. Watoto wenye ugumu wa kusoma walianza kupata mahali pao mwaka 1996, chini ya Qatar Foundation, katika kituo ambacho baadaye kiliitwa Awsaj Academy. Mwaka 2004 ilitoka sheria ya watu wenye mahitaji maalumu, mwaka 2008 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 kikaanzishwa kituo cha Mada, kinachoshughulika na vifaa na programu za kuwasaidia watu kusoma na kuwasiliana, kwa Kiarabu pia. Kiarabu kinaiita disleksia usru l-qiraa, uzito wa kusoma, jina ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa.

Hayo ni mengi, na tunaishukuru nchi iliyotupokea. Lakini sisi wahamiaji wa mishahara ya katikati huweka watoto katika shule za kulipia zilizo ndani ya uwezo wetu, na huko mtu hupata mwalimu maalumu kwa bahati. Kupimwa mtoto kuligharimu karibu tikiti mbili za kwenda Dar es Salaam. Kiangazi kile hatukwenda nyumbani.

Mpimaji alikuwa mama mmoja mpole. Alimpima Kiingereza, kisha mwenzake akampima Kiarabu. Kiswahili hawakuwa na kipimo chake. Kwa udadisi akatuomba tulete kitabu chochote, tukaleta hadithi za watoto zilizokuwa nyumbani. Kilichotokea kilitushangaza. Katika Kiingereza kijana alikwama kwenye though, through na cough, maneno yanayovaa nguo moja na kusema sauti tatu. Katika Kiarabu alikwenda vyema kidogo palipokuwa na fataha, kisra na dhuma juu na chini ya herufi, na zilipoondolewa, kama zinavyoondolewa kwa watoto wakubwa, akazama. Katika Kiswahili alisoma kila neno sawasawa. Kila neno! Ila polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, na alipofika "hawatatupelekea" alivuta pumzi katikati. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa, kwa hiyo kilikuwa kimeuficha ugonjwa kwenye usahihi na kuuacha wazi kwenye mwendo. Ile lugha tuliyoambiwa tuitupe ndiyo iliyokuwa rahisi kwake kuliko zote.

Tukairudisha siku hiyo hiyo, kwenye gari, kabla hatujafika nyumbani.

Sasa kuhusu kudurusu, maana najua wapo wazazi wanaosoma haya wakitafuta hilo tu. Tulijaribu mengi. Miwani ya rangi tuliuziwa na mtu, haikufanya kitu, na wataalamu wengi wanasema haina ushahidi wa kutosha. Kilichofaa kilikuwa cha kizamani. Dada yake alimsomea sura ya kitabu, yeye akairudia kwa maneno yake, kisha akaifundisha kwa mdogo wake aliyekuwa hana haja nayo. Simu ilirekodi. Kurasa zilichapwa upya kwa herufi kubwa na nafasi pana. Mitihani ya miaka iliyopita aliifanya kwanza kwa mdomo, halafu kwa kalamu, halafu kwa kalamu na saa. Usiku jua likishazama alikwenda Corniche na baba yake, wakatembea toka upande wa bandari wakiulizana sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mjomba naye alitaka kushiriki. Kila jioni alituma sauti kwa simu, dakika tatu au nne, akieleza fizikia ya injini: mgandamizo, joto, msukumo. Hakuna kitabu kilichomweka kijana sawa katika fizikia kama sauti zile, zenye kelele za nyundo nyuma yake. Mwalimu wa Percy angefurahi.

Muda wa ziada una utaratibu wake. Shule ndiyo inayouomba kwa baraza la mtihani, mapema, ikiwa na ripoti ya upimaji mkononi, wala hauombwi wiki ya mtihani. Kwa kawaida unaotolewa ni robo ya muda wa karatasi, na wengine huruhusiwa chumba cha peke yao au kompyuta. Tulipompigia mjomba kumweleza, alitaka hesabu kamili. Tukamwambia: karatasi ya saa mbili, nusu saa zaidi.

"Nusu saa," alisema. "Kwa kila karatasi?"

Kila karatasi.

Alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba yeye lile swali la mkonge alihitaji dakika tano, akatuuliza hali ya hewa.

Asubuhi ya karatasi ya historia kijana alikaa katika chumba kidogo karibu na maktaba, yeye na msimamizi wake, saa ukutani. Alitumia dakika zote. Matokeo yalitoka Agosti. Historia na fizikia alipita vizuri, hesabu alipita, Kiarabu kwa shida. Kiingereza kilimshinda kwa alama chache, na mtihani wa kurudia ni wa msimu wa Oktoba na Novemba. Fomu ya muda wa ziada tumeshaipeleka, na juzi amerudi kuzunguka meza.